Mtu wa Pili



Nianze na mkutano mmoja. Ilikuwa mapema mwaka 2006, chini ya mwembe wa kijiji nilichokuwa nikifundisha, huku huku Pwani, bara kidogo kutoka baharini. Ukame ulikuwa umetukaba. Mahindi yalikauka yakiwa hayajafika magotini, na nyumba nyingi zilikuwa zikiishi kwa chakula cha msaada. Tuliitwa tuambiwe kwamba zahanati yetu imekamilika. Nyuma ya viti vya wageni, kila aliyekuwa na macho aliiona zahanati yenyewe: kuta za matofali zilizoishia kwenye linta, hazina paa, hazina mlango, hazina dirisha. Mbuzi walikuwa wamelala ndani wakijikinga jua.

Msemaji alisoma karatasi. Alitaja kiasi cha fedha, akasema kazi imekwisha. Tukapiga makofi.

Mzee mmoja, mgema wa miaka mingi, akainua mkono. Hakumtukana mtu. Aliuliza jambo moja tu: paa liko wapi? Msemaji hakumjibu. Aliutazama umati polepole, kutoka safu ya mbele hadi kwa akina mama waliokuwa wameketi chini, akauliza, “Kuna mwingine mwenye swali kama hilo?”

Mimi nilikuwa safu ya mbele na walimu wenzangu. Nilikuwa nimeisaidia kamati kuandika maombi ya fedha zile. Nilijua idadi ya mabati yaliyoombwa, kwa sababu niliiandika kwa mkono wangu. Nikainamisha kichwa. Hakuna aliyejibu, na mkutano ukaendelea na ajenda ya pili.

Wiki chache baadaye lori la mahindi na maharagwe lilipofika, jina la mzee yule halikuwamo katika orodha. Hakuna aliyemwambia sababu, naye hakuuliza.

Nimeombwa nizungumze juu ya utawala mbaya na sababu ya wananchi kusitasita kuchukua hatua. Ningeweza kuwapa hotuba ndefu juu ya viongozi, na kila neno lingekuwa la kweli. Lakini wa kulaumu viongozi hawakosekani, nami nina jambo lililo karibu zaidi na mimi. Kwa karibu miaka ishirini nimekuwa nikilisikia lile swali: kuna mwingine? Naamini utawala mbaya hukaa juu ya jibu la swali hilo.

Wasomi wetu hupenda kusema mwananchi hanyanyuki kwa sababu hajui haki zake. Nimeishi vijijini muda wa kutosha kuikataa hoja hiyo. Pale chini ya mwembe hakuna aliyekuwa hajui. Hata watoto walijua paa halipo. Walikuwa wakichezea mle ndani. Wengine husema sisi ni wavivu, au tumezoea. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta maji, akarudi, akaenda shamba, akarudi, akapika, huyo si mvivu. Na kuzoea ni neno la mtu anayetazama kwa mbali. Ukikaa naye jikoni utasikia anayahesabu makosa ya wakubwa moja baada ya jingine, na tarehe zake.

Kinachomzuia ni hesabu, nayo ni hesabu sahihi. Mzee yule aliposimama, faida ya swali lake ingekuwa ya kijiji kizima: paa lingepatikana, angetibiwa wa kwangu na wa kwako. Hasara yote ilikuwa yake peke yake. Gunia la mahindi lililokosekana halikukosekana kwangu. Mtu mwenye akili timamu akiona mizani hiyo atanyamaza, na aliyeketi kando yake atanyamaza, hadi kimya kiwe ndiyo busara ya kijiji.

Busara hiyo imeingia hata katika lugha. Aliye juu mngoje chini. Mwenye nguvu mpishe. Funika kombe mwanaharamu apite. Na ile fupi kuliko zote, ambayo tunaitamka tukiwa tumefunga mikono kifuani: yangu macho. Siwadharau waliotuachia methali hizi. Walipita mikononi mwa masultani, wakaja Waingereza, wakaja machifu wenye uwezo wa kumfunga mtu bila kumwambia kosa. Walijifunza namna ya kuubakisha uhai wakaturithisha somo hilo. Lakini kila nikiisikia ile ya kumngoja chini nataka kuuliza: atakaposhuka huko juu atakuwa amebeba nini, na sisi tunaomngoja tutakuwa tumebaki wangapi?

Iangalieni pia namna tunavyolalamika. Mwandishi wa habari akifika palipobomoka daraja, mtu wa kwanza kupewa kipaza sauti huanza hivi: “Tunaomba serikali itusaidie.” Tunaomba. Daraja lilijengwa kwa kodi ya sukari na mafuta ya taa aliyonunua yeye mwenyewe, lakini anazungumza kama anayebisha hodi kwa tajiri. Katiba ya Kenya ya 2010, tuliyoipigia kura wenyewe, inaanza kifungu chake cha kwanza kwa kusema mamlaka yote ni ya wananchi. Vinywa vyetu bado havijaifuata.

Kimya hiki kilifundishwa. Wanangu mliozaliwa baada ya 1990 hamkuuona mwaka 1988. Ulikuwa mwaka wa mlolongo. Katika mchujo wa chama kimoja, KANU, hatukupiga kura kwa karatasi. Tulijipanga nyuma ya mgombea au ya picha yake, peupe, chifu akitazama, mwajiri akitazama. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kwenda kwenye uchaguzi wa siri. Nilikuwa mwalimu kijana, nilisimama kwenye foleni iliyozunguka uwanja wa mpira na kutokea upande wa pili. Foleni ya jirani ilikuwa na watu ambao ungeweza kuwataja mmoja mmoja. Jioni tukatangaziwa kuwa foleni fupi imeshinda. Yalitokea sehemu nyingi za nchi mwaka huo.

Fikirini mtu anajifunza nini siku kama hiyo. Anajifunza kwamba msimamo wake umeonekana na kila mtu, na bado haukuhesabiwa. Amelipa gharama ya kujulikana, hakupata kitu. Na hadi mwaka 1997, watu wakitaka kukutana hadharani kuzungumza mambo yao, ilibidi waombe kibali cha serikali. Baba aliyepita humo akimwambia mwanawe “wewe soma, usijitie kwenye mambo ya watu,” hamwambii uoga. Anampa alichonacho.

Sasa niseme juu ya mtu mmoja ambaye jina lake ningetaka litajwe shuleni: David Munyakei. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya. Mikononi mwake zilipita karatasi za kampuni ya Goldenberg International, iliyokuwa ikilipwa na serikali fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi nje ya nchi. Mpango wa fidia ulikusudiwa kuwatia moyo wanaouza bidhaa nje ili nchi ipate fedha za kigeni, na kampuni hii ilikubaliwa asilimia 35 juu ya kila ilichodai kuuza. Kenya haikuwa na migodi ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno. Mabilioni ya shilingi yalitoka. Mwaka 1993 shilingi iliporomoka na bei zikapanda. Mama aliyekwenda dukani kununua unga akakuta bei si ya jana alikuwa, bila kujua, akichangia fidia hiyo.

Munyakei aliona malipo hayana mantiki. Alinakili nyaraka, zikawafikia wabunge wa upinzani, na jambo likalipuka Bungeni. Yeye alikamatwa, akashtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali. Mashtaka hayakusimama, lakini kazi yake ilikuwa imekwenda. Alikuja mji huu huu wa Mombasa, akasilimu, akaoa, akaishi kwa vibarua. Pengine baadhi yetu tulipishana naye Makadara au Marikiti bila kumjua. Baadaye alirudi kwao Narok. Tume ya Jaji Bosire ilipoundwa mwaka 2003 kuchunguza kashfa ile, alikwenda akatoa ushahidi. Mwaka 2004 Transparency International tawi la Kenya ilimpa tuzo ya uadilifu. Kazi hakurudishiwa. Alifariki Julai 2006, hajatimiza miaka arobaini, akiwa maskini.

Wengi humtaja Munyakei kama shujaa, na ni kweli. Mimi nikimfikiria nawaza wengine. Karatasi ya malipo haipiti kwa karani mmoja. Kuna aliyeipokea, aliyeipiga muhuri, aliyeihakiki, aliyeiandika kwenye daftari kubwa. Haiwezekani kwamba macho yaliyoiona yalikuwa mawili tu. Laiti wangesimama makarani sita siku moja, nani angewafukuza wote bila nchi kuuliza? Na hata baada ya kufukuzwa, sisi wa nje tulikuwa wapi? Magazeti yalikuwa yamekwisha kuiandika kashfa, nchi nzima ilijua Goldenberg ni nini. Miaka kumi ikapita, mtu aliyetufumbua macho akitafuta kibarua. Hakuna chama cha wafanyakazi, kanisa, msikiti wala jumuiya iliyosema: huyu tutamtunza sisi. Kila kijana aliyeingia ofisi ya umma baada yake aliyaona hayo, akapiga hesabu yake.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo, na naielekeza kwetu. Tunalia kwamba nchi haina mashujaa. Mashujaa wapo, hujitokeza kila mwaka. Tunachokosa ni mtu wa pili: anayesimama dakika moja baada ya wa kwanza na kusema, hata mimi nataka kujua. Huyo hahitaji ujasiri mkubwa, wala hahitaji ufasaha, maana swali limekwisha kuulizwa. Lakini yeye ndiye anayelibadilisha, kutoka shida ya mtu mmoja mkorofi hadi shida ya watu.

Nimeiona tofauti hiyo. Mwezi wa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park, Nairobi, wakagoma kula, wakidai wana wao. Tarehe 3 Machi polisi waliwatimua kwa virungu na mabomu ya machozi. Baadhi yao walivua nguo, laana ya mama. Wangerudi makwao mmoja mmoja, jambo lingekwisha. Walihamia kanisa kuu la All Saints wakakaa pamoja humo kwa miezi mingi, wakilindana, wengine wakija kujiunga. Kufikia mapema 1993 karibu wana wao wote walikuwa wameachiliwa. Wengi wao walikuwa akina mama wa shamba, na mama mmoja peke yake asingeyapata hayo.

Nitaje na la hapa kwetu. Lamu palipangwa pajengwe mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, hapo Kwasasi, si mbali na mji mkongwe ambao dunia nzima imeutambua kuwa urithi wake. Leseni ya mazingira ilitolewa mwaka 2016. Wavuvi, wakulima, wenye mashua, vijana wa mjini na wazee wa misikitini walikuwa wamekwisha kuungana chini ya jina la Save Lamu. Nawaomba wanafunzi mliomo humu mwende mkaisome hukumu ya Baraza la Kitaifa la Mazingira ya tarehe 26 Juni 2019. Leseni ilifutwa, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, ndiyo. Lakini ilikuwa ya utangulizi, kabla ya utafiti wa madhara kukamilika; watu waliitwa wakaelezwa mradi bila kupewa cha kuwawezesha kuupima.

Nilipoisoma nilikumbuka mwembe wetu. Ni mikutano mingapi tumehudhuria ya namna hiyo? Tumetia sahihi kwenye orodha ya waliofika, tumekunywa soda, tumepewa nauli, na sahihi ile ikaenda kutumika kama ushahidi kwamba tulikubali. Watu wa Lamu walikataa sahihi zao zitumiwe hivyo, na waliweza kwa sababu walikuwa wengi na wa namna tofauti. Mvuvi akitishwa kuhusu chombo chake, mwingine asiyetegemea bahari alizungumza. Ndivyo gharama inavyogawanywa hadi ikabebeka.

Kuna kikwazo kingine nisichopenda kukizungumza, lakini nikikiacha nitakuwa nimewadanganya. Mara nyingi mtu wa pili hajitokezi kwa kuwa mwizi ni wetu. Ni wa kabila letu, wa ukoo wetu, alisoma na ndugu yetu, alitoa mchango mkubwa kwenye mazishi ya mama. Waziri wa kwingine akishtakiwa tunataka afungwe kesho. Wetu akiguswa tunakodi mabasi kwenda kumpokea, tunasema tunaonewa. Aliyekula dawa za hospitali yako akakuletea ng'ombe wa matanga, amekurudishia mguu wa ng'ombe wako mwenyewe. Nayasema haya nikijua msemaji wa siku ile chini ya mwembe alikuwa jamaa wa mke wangu kwa mbali. Hiyo nayo ilikuwemo katika hesabu yangu.

Najua vijana mnaniangalia na kuwaza kwamba haya ni ya wazee, kwamba Juni 2024 ninyi hamkusita. Ni kweli, na nawaheshimu kwa hilo. Mliusoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu, mkautafsiri, mkatoka mitaani katika miji ambayo haikuwahi kuandamana, tarehe 25 mkafika Bungeni, na siku iliyofuata rais akakataa kuutia sahihi. Makumi ya watu walikufa katika maandamano ya majira yale. Nataka niwaulize kuhusu hao. Leo mama wa mmoja wao anapokwenda mahakamani kufuata kesi ya mwanawe, katika tarehe ya tatu au ya nne ya kuahirishwa, wakati kamera zimekwisha kuondoka, ni nani anayeketi naye kwenye benchi? Barabarani mlikuwa maelfu. Pale kwenye benchi anahitaji watu wawili.

Mwaka 2013, mambo ya afya yalipoingia mikononi mwa kaunti, zahanati yetu hatimaye iliezekwa. Nilikuwa nimehama. Nilirudi kutazama, na zaidi nilirudi kumtafuta yule mzee. Nilimkuta kibarazani, anaona kwa shida. Nilimwambia nimekuja kumwomba radhi kwa siku ile. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, sikutaka unisemee. Paa nililiuliza mwenyewe. Nilitaka ugeuke tu, wale waliokuwa nyuma waone kwamba umenisikia.”

Aliniuliza habari za watoto, akaniambia nisiondoke kabla ya chai.

Tangu siku hiyo nimejaribu kugeuka. Ninakoishi sasa, mfereji wa maji ulichimbwa, mabomba yakalazwa, maji hayajaja. Majirani zangu walikuwa wakilizungumza kila jioni, yangu macho, yako macho. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Nilipendekeza tuandike barua kuomba nakala ya mkataba na hati za malipo. Mwenye duka alisema atatia sahihi ikiwa fundi cherehani atatia. Fundi akasema atatia ikiwa mwalimu atakuwa wa kwanza. Ilichukua jioni nne. Mwishowe tulikuwa tisa, na majina tukayaandika kwa mduara, ili asijulikane aliyeanza.

Jibu lilifika likiwa pungufu. Mkataba upo, kurasa mbili za malipo hazimo. Juzi Jumapili tumeandika tena kuziomba kurasa hizo. Barua iko kwangu mpaka kesho asubuhi itakapopelekwa, na mduara una majina kumi na manne. Wawili kati ya walioongezeka ni wale waliotuambia mara ya kwanza kwamba tunajitafutia balaa.